Usiku wa Shwari Ndio wa Kupigia Hesabu: Maswali Yenu Kuhusu Kelele za Mitambo ya Upepo

Barua nyingi za safari hii kutoka Mtwara na Lindi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo ikijengwa jirani na makazi, sauti yake itafika wapi, na mtu anaijuaje kabla mtambo haujasimama? Tumechagua sita. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo kila kijiji kinapaswa kuielewa kabla ya kupiga muhuri.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Tandahimba. Nimesoma ripoti ya mfano inayosema nyumba iliyo mita 700 kutoka kwenye mtambo "itapokea desibeli 36". Mtambo haujajengwa, sasa nani ameisikia hiyo 36? Na ukurasa wa nyuma wameandika mtambo una desibeli 105. Tushike ipi?

Ndugu mjumbe, shikeni zote mbili. Ile 105 ni nguvu ya sauti inayotoka kwenye mtambo wenyewe, kama wati zilizoandikwa kwenye glopu. Ile 36 ni sauti inayofika mlangoni, kama mwanga unaoangukia daftari la mtoto anayesoma upande wa pili wa chumba. Glopu ni ileile, lakini mwanga wa kwenye daftari unategemea mtoto amekaa wapi na katikati pana nini.

Hiyo 36 hakuna aliyeisikia. Imepigiwa hesabu, na njia inayotumika zaidi duniani ni kanuni ya kimataifa ya ISO 9613-2, iliyotoka 1996 na kufanyiwa marekebisho 2024. Tuipitie hatua kwa hatua kwa mtambo ambao kitovu chake, yaani pale mapanga yanapokutana, kiko mita 100 juu.

Kwanza, nguvu ya chanzo. Mtengenezaji huipima kwa utaratibu wa kimataifa wa IEC 61400-11: maikrofoni inalazwa juu ya ubao mgumu ardhini, upande ule upepo unakoelekea baada ya kupita kwenye mtambo, kwa umbali sawa na urefu wa mnara hadi kitovuni ukijumlisha nusu ya kipenyo cha mapanga. Hapo ndipo inapopatikana 105.

Pili, kusambaa. Sauti ikitoka juu hutawanyika kama mpira unaojaa upepo: kadiri unavyovimba, ngozi yake inakuwa nyembamba. Kanuni ni logi (ile ya msingi wa 10) ya umbali kwa mita, mara 20, kisha ongeza 11. Umbali wa kweli hadi nyumbani ni ule wa mshazari kutoka kitovuni, mita 707 badala ya 700. Logi ya 707 ni 2.85, mara 20 ni 57, ongeza 11 unapata 68. Toa kwenye 105, inabaki 37.

Tatu, hewa. Hewa inakula sauti, ila haili sauti zote sawasawa. Kwenye nyuzijoto 10 na unyevu wa asilimia 70, sauti nyembamba ya hezi 4000 hupoteza desibeli 32.8 kila kilomita, ya hezi 1000 hupoteza 3.7, na ile nzito ya hezi 63 hupoteza 0.1 tu. Ndiyo maana ukiwa chini ya mtambo unasikia mapanga yakikata hewa, fyuu, fyuu, lakini ukiwa mbali unabaki na uvumi mzito.

Nne, ardhi. Sehemu ya sauti hugonga ardhi na kuruka kuelekea kwako. Kwa chanzo kilicho juu namna hii ardhi kwa kawaida haipunguzi, inaongeza kidogo: kama desibeli 3 juu ya maji au ardhi iliyoshindiliwa, kama 1.5 ardhi ikihesabiwa kuwa nusu ngumu nusu laini, na karibu sifuri ikihesabiwa kuwa laini yote.

Tulipiga hesabu hii kwa mkanda mmoja mmoja wa frikwensi, kutoka hezi 63 hadi 8000, kwa mgawanyo wa sauti wa mfano tu ambao si wa kampuni yoyote, tukapata desibeli 36 zilizorekebishwa kufuata usikivu wa sikio la binadamu. Tulipozidisha umbali mara mbili, yaani mita 1414, tukapata 28. Zimeondoka desibeli 8 kasorobo hivi: sita za kusambaa, zilizobaki ni karibu zote za hewa.

Sasa jambo linalowapiga watu chenga. Mitambo haiji mmoja. Tuseme nyumba yako inapokea 36 kutoka mtambo wa karibu, na 33, 31 na 29 kutoka kwa mingine mitatu. Hazijumlishwi kama fedha, kwa hiyo jibu si 129. Hata hivyo si 36 tena. Kila namba igawanye kwa 10, ipandishe kuwa kipeo cha 10, jumlisha zote, tafuta logi, zidisha kwa 10: utapata 39. Mitambo miwili inayofanana, iliyo umbali sawa, huongeza desibeli 3. Kumi huongeza 10. Ripoti ikikuonyesha mtambo mmoja tu, irudishe.

Na ujue kipimo cha kosa. Kanuni yenyewe, toleo la 1996, inataja usahihi wa kujumlisha au kutoa desibeli 3 hadi umbali wa mita 1000, tena kwa vyanzo vifupi kuliko minara ya leo. Kwa hiyo 36 isomeke kama "kati ya 33 na 39". Uliza pia kama wameongeza posho kwenye ile 105 kwa ajili ya mashaka ya kipimo. Kawaida huongezwa kama desibeli 2. Ripoti isiyotaja posho hiyo haijakamilika.

Mimi ni mvuvi mstaafu, Mikindani. Usiku bahari ikilala nasikia injini ya ng'ambo ya ghuba kana kwamba iko uani kwangu. Mchana siisikii kabisa, na injini ni ileile. Hizo hesabu zenu za mezani zinalijua jambo hili?

Shikamoo mzee wetu. Umeuliza swali ambalo ndilo moyo wa kazi nzima, na uliloliona ni kweli tupu.

Sauti huenda kasi zaidi kwenye hewa ya joto. Kwenye nyuzijoto 30 ni kama mita 349 kwa sekunde. Hewa ikipoa, mwendo unapungua. Na sauti hupinda kuelekea kule inakokwenda polepole. Mchana ardhi imechemka, hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, basi sauti inapinda kwenda angani na wewe unabaki kivulini mwake. Usiku ardhi imepoa, hewa ya baridi imelala chini na ya vuguvugu iko juu yake. Sauti inapinda kurudi chini na kukufikia. Upepo nao hufanya hivyohivyo: juu huvuma kwa kasi kuliko chini, kwa hiyo anayesimama upande upepo unakoelekea hupelekewa sauti, na anayesimama upande unakotoka huipoteza. Upepo wa umande ukitoka bara alfajiri, aliye majini ndiye anayesikia ya nchi kavu. Halafu kuna maji yenyewe: ghuba iliyotulia ni kama sakafu ya saruji iliyopigwa niru, sauti inateleza juu yake bila kunyonywa.

Je, hesabu inalijua? Nusu. Kanuni ya ISO 9613-2 imeandikwa kwa kudhani kwamba kila nyumba iko upande upepo unakoelekea, au kwamba kuna ubaridi wa wastani wa usiku unaopinda sauti chini. Nyumba za kusini, kaskazini, mashariki na magharibi zote zinahesabiwa hivyo kwa wakati mmoja, jambo lisilotokea duniani, lakini ni kosa la heri kwa mkazi. Palipo na maji mapana kanuni hiyo inaanza kupungukiwa. Juu ya maji sauti inaweza kunaswa kati ya uso wa bahari na hewa ya juu, ikasambaa kama mkeka unaokunjuliwa badala ya mpira unaovimba, na hapo kila umbali ukizidishwa mara mbili hupotea desibeli 3 tu badala ya 6. Kwa ghuba ya Mikindani, kwa mashamba ya chumvi, kwa mdomo wa Ruvuma, tunataka kuona modeli inayofuata kupinda kwa sauti kwenyewe, mfano Nord2000 ya nchi za Skandinavia au zile za mlinganyo wa paraboli. Zina kazi zaidi na zinataka takwimu za upepo na joto katika vimo kadhaa, lakini bila hivyo namba ya ng'ambo ya maji ni ya kubahatisha.

Kuna la pili ambalo mvuvi atalielewa kuliko mhandisi wa mjini. Usiku wa shwari, chini hakuna upepo, bendera imelala mlingotini, lakini mita 100 juu upepo unavuma. Mchana hewa inachanganyika. Upepo wa mita 3 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 10 huwa kama 4.2 kule juu. Usiku uliotulia, upepo uleule wa 3 chini unaweza kuwa 7.5 juu. Mtambo unakaribia sauti yake kubwa kabisa, na huku chini hakuna jani linalotikisika la kuifunika. Frits van den Berg aliyachapisha haya 2004 kutokana na vipimo kwenye mitambo ya mpaka wa Uholanzi na Ujerumani: usiku sauti ilikuwa kubwa kuliko hesabu zilizotegemea upepo wa kimo cha mita 10. Modeli inayochukua upepo wa chini na kuupandisha kwa kanuni ya mchana inakosea katika saa ambayo watu wamelala. Uliza upepo umepimwa kwenye kimo gani.

Nina eka sita za mikorosho kati ya nyumba na mahali panaposemwa mitambo inaweza kuwekwa. Hiyo si ukuta wa kutosha? (Mkulima, Masasi)

Mama, kwa kelele za barabarani au mashine ya kusaga, mikorosho yako ingesaidia kidogo. Kwa mtambo, hapana. Sauti haipiti shambani, inapita juu yake. Chukua kitovu cha mita 100 na nyumba iliyo mita 700: mstari wa sauti unashuka kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mti wa mita 10 unauziba tu ukiwa ndani ya mita 44 hivi kutoka nyumbani. Yote iliyo mbele zaidi iko chini ya njia. Na usiku sauti inapopinda chini, hata hiyo miti ya karibu inarukwa.

Majani yakitikiswa na upepo hufunika sauti ya mtambo, hilo ni kweli, lakini mchana. Kwenye hesabu mikorosho iandikwe sifuri. Mtu akikuonyesha modeli iliyotoa desibeli 5 kwa sababu ya shamba lako, mwambie aeleze sauti ilipitaje katikati ya matawi.

Nasoma masuala ya mazingira. Kwa mradi wa mwisho nataka kutengeneza modeli ya mitambo mitano ya kubuni kwenye tambarare karibu na mji wa Lindi. Fedha ya programu sina. Nianzie wapi, na wengi hukosea wapi?

Anza na jedwali la Excel, usianze na programu. Safu nane za frikwensi, mstari mmoja kwa kila mtambo, na ukurasa mmoja kwa kila nyumba. Ukiweza kuifikia 36 ya mjumbe wa Tandahimba kwa mkono, ndipo uende kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. NoiseModelling ya Ufaransa ni ya bure na inatumia CNOSSOS-EU, kanuni ya kelele ya Umoja wa Ulaya. WindPRO na SoundPLAN ni za kulipia. Programu zote huchora ramani nzuri ya rangi hata pale takwimu ulizoingiza ni za ovyo, na rangi ina tabia ya kumwaminisha mtu. Ukiwa na jedwali lako pembeni utaligundua kosa.

Kosa la kwanza, na ndilo linaloumiza zaidi huku kwetu, ni la viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS na simu zinatumia WGS 84. Mahali palepale, ukisoma kwenye mfumo mmoja na kuandika kwenye mwingine, panahama takriban mita 300. Nyumba uliyodhani iko mita 700 kumbe iko 400, na hesabu yako imepungukiwa karibu desibeli 5. Dawa ni nyepesi: chagua kitu kisichohama, makutano ya barabara au pembe ya jengo la shule, chukua kipimo chake kwa GPS, kiweke kwenye ramani, uone kama kinakaa pale pale. Lindi na Mtwara zote ziko kanda ya 37 kusini ya mfumo wa ramani wa UTM. Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote.

La pili ni miinuko. Wengi wanapakua data za SRTM, zilizokusanywa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Rada ile haikufika udongoni palipo na miti minene. Iliona vilele au katikati ya matawi. Kwa hiyo msitu wa Rondo unatokea kama kilima, na uwanja wa nyumba uliofyekwa katikati ya mikorosho unatokea kama shimo. Programu inaona "kilima" kati ya mtambo na nyumba, inatoa desibeli kadhaa za kizuizi, nawe unafurahi kwa kizuizi cha majani. Hata penye kilima cha kweli, mwongozo wa Taasisi ya Akustika ya Uingereza wa 2013 hauruhusu kutoa zaidi ya desibeli 2 kwa kizuizi cha ardhi, na hizo mbili ni pale tu mtambo mzima hadi ncha ya panga hauonekani.

La tatu ni ugumu wa ardhi, alama ya G. Maji, lami na ardhi iliyoshindiliwa ni 0. Ardhi inayolimika ni 1. Udongo wa kichanga wa huku unamvuta mtu aandike 1. Usifanye hivyo kwa mitambo ya upepo. Andika 0.5, na 0 pale penye maji, mashamba ya chumvi au matope ya mikoko. Katika mfano wetu, ukitumia 0 badala ya 0.5 ile 36 inakuwa karibu 38.

Ukitumia 0.5, kimo cha msikilizaji kiwe mita 4, ingawa nyumba zetu hazina ghorofa. Tunajua kinashangaza, kwani hakuna anayelala mita 4 juu. Sababu ni kwamba kwenye mita 1.5 fomyula ya ardhi inapunguza sauti za kati zaidi kuliko inavyotokea kweli kwa chanzo kirefu. Mita 4 inarekebisha udhaifu huo wa fomyula.

Hali ya hewa: ukiweka nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 70, ile 36 inashuka kuwa 35, kwa sababu hewa ya moto inakula zaidi sauti za kati. Ukiweka 20, inakuwa 35 na nusu. Usiku wa kusi, Juni na Julai, hauna nyuzijoto 30. Tunashauri ubaki na 10 na 70, au 20 na 70 ukiwa na takwimu za kukutetea, kamwe usiweke joto la saa nane mchana.

Tazama pia kasi ya upepo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Nyaraka za zamani huandika "mita 8 kwa sekunde" zikimaanisha kimo cha mita 10. Kwa kanuni yao hiyo ni kama 11.5 kwenye kitovu cha mita 100. Ukisoma 8 ukadhani ni ya kitovuni, unachukua safu isiyo yake. Na hakikisha mgawanyo wa frikwensi uliopewa kama umekwisha kurekebishwa kufuata sikio au bado. Marekebisho hayo hupunguza desibeli 26 kwenye hezi 63 na 16 kwenye hezi 125. Ukiyafanya mara mbili, uvumi wote mzito unapotea kwenye karatasi, na huo ndio unaofika mbali.

Ukihamishia mradi wako Newala siku moja, kuna jambo la genge. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Mtambo ukiwa ukingoni na nyumba ikiwa bondeni, sauti inasafiri hewani bila kuguswa na ardhi, na ile inayogonga kuta za bonde inaweza kufika kwa njia zaidi ya moja. Pima kimo cha wastani cha mstari wa sauti juu ya ardhi. Chukua nusu ya tofauti kati ya kimo cha kitovu na cha msikilizaji, zidisha kwa 1.5; kimo hicho cha wastani kikifika hapo, kila kimoja kikipimwa kutoka ardhi yake, ongeza desibeli 3. Kwa kitovu cha mita 100 na msikilizaji wa mita 4, mpaka huo ni mita 72. Ardhi tambarare inakupa 52, kwa hiyo haiguswi. Genge linakupa zaidi.

Watu wa tathmini wanapima "kelele za asili" za kijiji kwanza. Kwa nini, na tuwaangalie nini wasije wakatupunja? (Mtendaji wa kijiji, Lindi)

Wanapima kwa sababu desibeli 39 penye kijiji kimya ni kero, na penye barabara kuu hazisikiki. Uingereza, kwa mfano, hukadiria ruhusa kwa desibeli 5 juu ya kelele za asili. Kwa hiyo kelele za asili zikipimwa kuwa kubwa kuliko zilivyo, mtambo unaruhusiwa kupiga kelele zaidi. Hapo ndipo pa kukaza macho.

Msimu ndio jambo kubwa. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na wakati huo usiku ni wa vyura na nyenze. Kipimo cha Januari kando ya bonde la mpunga kitatoka juu mno. Sauti ya wadudu iko zaidi kwenye frikwensi za juu, hezi 4000 na kuendelea, kwa hiyo inaweza kuchujwa kwenye data. Waulizeni kama wameichuja. Lakini ni bora wapime pia wakati wa kusi, ardhi ikiwa kavu. Wiki mbili ni za chini kabisa, na zisiwe za mashine za kupulizia mikorosho peke yake.

Maikrofoni isimame kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, si chini ya mita 3.5 kutoka ukutani, mbali na bomba la maji, banda la kuku na bati lililolegea. Iwe na sponji ya kuzuia upepo ya tabaka mbili, maana upepo ukigonga maikrofoni yenye sponji ndogo hujiandika kama kelele. Data ziwe za dakika kumi kumi, kipimo kinachochukuliwa kiwe kile kinachozidiwa kwa asilimia 90 ya muda, ambacho huacha nje pikipiki inayopita na mbwa anayebweka, na kila dakika 10 ilinganishwe na upepo wa dakika hizohizo kwenye kimo cha kitovu. Saa za vifaa vyote zilingane. Saa za mvua zifutwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015 zinatenganisha mchana na usiku. Ripoti ilinganishwe na safu ya usiku.

Nina mimba ya miezi mitano. Tumeambiwa mitambo hutoa sauti isiyosikika inayodhuru mtoto tumboni. Ni kweli? (Msomaji, Msimbati)

Dada, tulia. Sauti ya chini ya hezi 20, ambayo sikio halisikii kwa kawaida, ipo. Mitambo inaitoa, na mawimbi yanayopasuka ufukweni kwako Msimbati yanaitoa, na upepo wenyewe pia. Kwenye makazi, ile ya mitambo ya kisasa hupimwa kuwa chini ya kiwango cha kusikika. Hakuna ushahidi kwamba inadhuru mimba.

Madhara yanayostahili kuangaliwa ni ya sauti inayosikika: kuudhika, na kukatizwa usingizi. Utafiti wa Health Canada uliotangazwa 2014, wenye washiriki 1,238, ulikuta watu wanaoudhika wakiongezeka kadiri sauti inavyopanda. Shirika la Afya Duniani 2018 lilipendekeza isizidi desibeli 45 za wastani wa siku nzima, kipimo ambacho huongeza uzito kwa jioni na usiku. Mtambo unaovuma bila kubadilika saa 24 hufikia 45 hiyo ukiwa kwenye 38.6, kwa hiyo ile 39 ya mfano wa Tandahimba imekwisha kuupita mpaka. Na wazungu hupiga hesabu zao wakiwa na madirisha ya vioo. Nyumba yenye dirisha la wavu na uwazi chini ya bati haizuii kitu cha kutegemea, basi namba ya nje ndiyo ichukuliwe kuwa ya kitandani.

Kinachoudhi zaidi ni mdundo. Mapanga matatu yakizunguka mara 12 kwa dakika, kila sekunde 1.7 hivi panga moja linashuka na sauti inapanda. Namba ya wastani haionyeshi mdundo huo. Ndiyo maana malalamiko yaandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, chini kuna upepo au shwari, umetoka kusi au kaskazi, ni uvumi, mdundo au mlio wa chuma kama wa giaboksi. Daftari hilo huonyesha hali ya hewa inayoleta shida, na mwendeshaji anaweza kupunguza mzunguko katika saa hizo tu. Kupunguza mwendo wa mapanga kwa asilimia 10 hushusha sauti ya hewa kwa desibeli 2.3 hivi. Kijiji kiombe pia jaribio la kuzima na kuwasha liandikwe kwenye mkataba: mitambo inazimwa dakika 10, inawashwa dakika 10, usiku wa shwari, mara kadhaa, huku maikrofoni ikiwa mlangoni pa mlalamikaji.